Terasi ya skrini kubwa Kamalondo: tathmini kwa wanaofuata Mazembe ugenini

TP Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, ikicheza nyumbani, kazi ni nyepesi: unanunua tiketi, unaingia uwanjani mwake mtaani Kamalondo, unaona kwa macho yako. Ikicheza Tunis, Pretoria au Dar es Salaam, macho yako yanategemea kamera ya mtu mwingine, dekoda ya mtu mwingine na umeme wa SNEL, shirika la umeme la nchi. Hapo ndipo terasi, yaani baa ya ua inayoonyesha mechi, inapaswa kupimwa. Terasi inayokuonyesha mabao peke yake haijakufanyia kitu, maana mabao utayakuta kwenye simu kabla hujalala. Ushindi mkubwa wa ugenini unajengwa katika dakika ambazo muhtasari hauonyeshi hata mara moja, na mtu analipia kiti ili azione hizo.

Chukua mechi ambayo kila shabiki wa nyeusi na nyeupe anaijua: mkondo wa kwanza wa fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2015, kule Algiers, dhidi ya USM Alger. Rainford Kalaba alifunga kipindi cha kwanza, Mbwana Samatta akaongeza kwa penalti kipindi cha pili, wenyeji wakapata moja mwishoni. 2-1. Tarehe 8 Novemba Samatta na Roger Assalé wakafunga hapa Lubumbashi, 2-0, na likawa kombe la 5 baada ya yale ya 1967, 1968, 2009 na 2010. Kwa anayesoma matokeo tu, 2-1 ni ushindi mwembamba. Kwa anayejua kanuni ya bao la ugenini iliyokuwa ikitumika (jumla ikilingana, anashinda aliyefunga mengi ugenini), ni ushindi mzito sana: hata kufungwa 1-0 nyumbani kungeiacha Mazembe na kombe. USM ilibidi ije Lubumbashi kushinda kwa tofauti ya mabao mawili, au kwa bao moja ikiwa imefunga matatu na zaidi; 2-1 ingewapeleka kwenye penalti tu. Mlima huo walijengewa kwao wenyewe.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitaji. Uwanja wa Omar Hamadi, mtaa wa Bologhine, palipochezwa mkondo huo, ni mdogo na mashabiki wamekaa karibu na mstari, lakini nyasi zake zilikuwa za bandia, kama za uwanja wetu. Timu ya ugenini kwa kawaida hupoteza robo saa ya kwanza ikijifunza mpira unadunda vipi na unateleza kiasi gani. Waliozoea kufanya mazoezi kwenye zulia la Kamalondo hawana haja ya kujifunza hilo. Ukitaka kuona faida kama hiyo ikitumika, unahitaji picha pana, tulivu, isiyokatika, na mahali ambapo sauti ya uwanja wa wenyeji inasikika. Kwa vigezo hivyo, terasi hii iliyo mwendo mfupi wa miguu kutoka uwanjani inastahili sifa nyingi na maonyo machache.

Kwanza skrini. Ni turubai jeupe lililovutwa kwenye fremu ya chuma, upana wa karibu mita 3 na kimo cha mita 1.7, yaani umbo kamili la picha ya televisheni ya siku hizi. Halina mikunjo. Mambo haya yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Kamera kuu ya uwanjani inapoonyesha kama nusu ya uwanja, mchezaji mmoja kwenye turubai hili anafikia sentimita 10 hivi. Kwenye televisheni ya inchi 43 hafiki hata 4. Kwa sentimita 10 unaona beki wa kushoto amegeuza mabega kuelekea wapi. Kwa 4 unaona doa linalokimbia.

Projekta imefungwa juu, kwenye boriti ya paa, mita 4 na nusu kutoka kwenye turubai. Wengi mjini wanaiweka juu ya meza, halafu kila mhudumu anayepita na chupa anafunika goli, na picha inabidi ipindishwe kwa mitambo ili ikae sawa, na ukali wake unapungua. Hapa haipindishwi. Kasoro iko kwenye kebo ya HDMI, ile inayobeba picha: ni ndefu mno, inatoka kwenye dekoda iliyo kaunta hadi paani, na kebo ya kawaida ikipita mita 10 au 15 huanza kupoteza mawimbi. Matokeo yake ni skrini kuwa nyeusi kwa sekunde mbili hivi, bila mpangilio. Dawa yake si ghali: kebo yenye kikuza mawimbi, au kuihamishia dekoda karibu na projekta na kuvuta kebo ya dishi badala ya ya picha. Wenyewe wakifanya hilo, nusu ya malalamiko ya wateja itaisha.

Mwangaza ni suala jingine, na hapa lazima nitenganishe mechi za usiku na za mchana. Projekta ya lumeni 3,000 au 4,000 inatosha kabisa jua likishazama. Saa 15:00 mchana, chini ya mabati yaliyo wazi pande mbili, haitoshi: jezi nyeupe zinamezwa na turubai jeupe, na kama wapinzani wamevaa njano au anga, hutatofautisha nani ni nani kwenye kona. Pazia zito la upande wa magharibi lipo lakini linafunika sehemu tu. Mechi ya saa 16:00 ya Dar es Salaam huanza saa 15:00 kwetu. Kwa hiyo mkiwa na Simba au Yanga kule mchana, nendeni kwenye baa yenye televisheni nzuri ndani ya nyumba. Kwa mechi za Afrika ya Kaskazini, zinazochezwa usiku, sijaona kwa Kamalondo mahali pa kupashinda hapa.

Umeme ndio moyo wa tathmini hii. Eneo la Katanga linazalisha umeme wake kwenye mabwawa ya Nseke, Nzilo, Mwadingusha na Koni, na laini ndefu ya kutoka bwawa la Inga inaishia Kolwezi, lakini migodi inakula sehemu kubwa na mitaa inapata kinachobaki. Kukatika si jambo la kushangaa mtu. Swali ni nini kinatokea katika dakika 5 zinazofuata.

Projekta yenye taa ya joto ikizimwa ghafla haiwaki papo hapo. Inataka ipoe kwanza, dakika kadhaa, ndipo ikubali. Dekoda nayo ikizimika inaanza upya, inatafuta setilaiti, inasoma kadi, dakika 2 au 3 nyingine. Ukijumlisha na muda wa kijana kukimbilia jenereta, kuvuta kamba mara tatu na kubadilisha swichi, mmekosa karibu dakika 10. Katika mechi ya ugenini dakika 10 zinaweza kuwa ndizo mechi yenyewe. Terasi hii imelielewa tatizo: projekta na dekoda zote ziko kwenye UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme ukikatika. UPS ya VA 1,000 inabeba mzigo wa wati 300 na kitu kwa dakika chache tu, na dakika chache ndizo zinazohitajika hadi jenereta inguruma. Umeme unakatika, taa za ua zinazimika, feni zinasimama, na mpira unaendelea kwenye turubai. Hilo peke yake ni sababu ya kuja hapa.

Lakini kuna kosa moja kwenye jenereta. Friji za bia zimeunganishwa kwenye laini ile ile ya projekta. Mota ya friji inapoanza inavuta umeme mara kadhaa ya kiasi chake cha kawaida, volti zinaanguka, na picha inapepesa. Jenereta ya kVA 2.5 ingetosha bila wasiwasi kwa projekta, dekoda, spika na balbu. Friji mbili zikiwaka pamoja ndipo inapolemewa. Wangetenga laini, au wangezima friji kwa dakika 90. Bia iliyopoa tangu mchana haichemki katika muda huo kama milango haifunguliwi ovyo.

Vumbi nalo lina kazi yake. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi jekundu la Lubumbashi linaziba kichujio cha projekta, joto linabaki ndani, na mashine inajizima yenyewe kujilinda, mara nyingi baada ya saa moja ya kuwaka, yaani mwanzoni mwa kipindi cha pili. Ukiona picha imezima lakini feni ya projekta inapiga kelele kama jenereta la pili, si SNEL, ni kichujio. Kukisafisha kwa brashi laini kila wiki kunatosha. Hapa kinaonekana kusafishwa, maana sauti ya feni yake ni ndogo hata mwishoni mwa kiangazi.

Msimu wa mvua ndio unaoumiza zaidi, kwa sababu makundi ya Ligi ya Mabingwa huchezwa kuanzia mwishoni mwa mwaka, wakati mawingu yetu yamejaa. Mawimbi ya setilaiti ya televisheni hupungua yakipita kwenye mvua nzito. Kwanza picha inavunjika vipande vya mraba, kisha sauti inakatakata, kisha dekoda inaandika hakuna mawimbi. Dishi la sentimita 60 linapoteza picha mapema zaidi. La sentimita 90 linastahimili. La mita 1.2 linapotea kwenye kiini cha dhoruba peke yake, na kiini hicho kwa kawaida hupita haraka. La hapa ni kubwa, limefungwa kwenye zege na si kwenye bomba linalotikiswa na upepo. Dhoruba ikipita na picha isirudi, basi maji yameingia kwenye kiungo cha kebo nyuma ya dishi, na hapo usiku umeisha; kiungo kinapaswa kukazwa na kufungwa utepe wa mpira kabla ya Novemba. Jambo ambalo hakuna dishi linaloweza kulitibu ni kelele ya mvua kwenye mabati. Mtangazaji anamezwa kabisa. Spika zao mbili zimewekwa mbele. Wangeongeza moja nyuma.

Na sauti yenyewe? Hapa nawasifu na kuwalaumu kwa pumzi moja. Wanaacha sauti ya uwanja isikike pamoja na mtangazaji wa Kifaransa, wala hawaweki muziki mpira ukitoka nje, kama zinavyofanya terasi nyingine. Katika mechi ya ugenini sauti ya wenyeji ni habari kamili. Zile filimbi zinazoanza wenyeji wakipasiana nyuma kwa mara ya sita, lile guno la uwanja mzima krosi ikiangukia mikononi mwa kipa wetu, vinakuambia nani anatawala kabla takwimu hazijaonyeshwa. Lakini mapumziko wanapandisha rumba hadi kifua kinatetemeka na hawaishushi kipindi cha pili kikianza, mpaka mtu asimame na kwenda kaunta. Dakika za 46 hadi 50 ndizo kocha wa wenyeji anabadilisha mpangilio. Watu wanaotaka kuzijadili hawasikiani.

Kuhusu kuchelewa kwa picha: setilaiti inachelewa sekunde chache nyuma ya uwanja, na mechi inayotazamwa kwa intaneti inaweza kuchelewa nusu dakika na zaidi. Terasi hii inatumia setilaiti, kwa hiyo kelele za bao zinaanzia hapa na jirani wanafuata. Ukiwa na simu inayokupa arifa za matokeo, iweke mfukoni. Kuna watu wanaosoma bao kwa sauti na kuwaibia wengine furaha yao.

Viti ni vya plastiki, vimepangwa kwa safu, na kuna nguzo moja ya chuma katikati. Anayekaa nyuma yake upande wa kulia hupoteza kona ya juu kushoto ya turubai, pale penye matokeo na saa. Safu nzuri ni ya tatu na ya nne kutoka mbele, kushoto kwa nguzo: mita 5 au 6 kutoka kwenye skrini, jicho linabeba uwanja mzima bila shingo kuzunguka. Safu ya kwanza ni ya watoto na wanaopenda kuimba. Njoo saa moja kabla. Kiingilio ni kinywaji kimoja, na kiti kilichowekewa skafu kina mwenyewe.

Chakula nitakipitia haraka. Michopo ni mizuri, nyama ya mbuzi iliyokatwa vipande vya wastani, pilipili pembeni, chumvi ya kutosha. Makaa ni machache kwa umati wa siku ya mechi, kwa hiyo agizo la mapumziko linafika dakika ya 70. Agiza dakika ya 25: «Mama, utuwekee michopo ya watu watatu, itoke mapumziko.» Mama anakumbuka, na anaheshimu zamu. Bia za Simba na Tembo zipo baridi, na munkoyo, kinywaji cha kienyeji cha mahindi, kwa wasiokunywa pombe. Choo ni kimoja. Nenda dakika ya 43 au usubiri.

Sasa, ukiwa umekaa safu ya tatu na picha imetulia, utazame nini ili ujue kwamba ushindi wa ugenini ni wa kutawala na si wa bahati? Kwanza mahali mpira unapopotea. Timu inayotawala ugenini inapoteza mpira mbele, karibu na boksi la wapinzani au kwenye mistari ya pembeni. Timu inayoteseka inaupoteza katikati, uso kwa uso na mabeki wake. Hesabu kwa vidole vyako dakika 15 za mwanzo: wenyeji wameingia ndani ya boksi mara ngapi wakiwa na mpira miguuni? Krosi za mbali na mashuti ya mita 25 usizihesabu, hizo ni dalili kwamba mlango umefungwa.

Kisha tazama mpira wa pili, ule unaoanguka baada ya kugombewa kwa kichwa. Kipa wa wenyeji anapopiga mbali, usimfuate anayeruka kichwa. Tazama duara la mita 10 chini yake. Viungo wetu wawili wakiwa tayari wamesimama pale kabla mpira haujashuka, mechi iko mikononi mwetu hata kama bado ni 0-0. Umbali kati ya mabeki na viungo nao unaonekana vizuri kwenye turubai la mita 3: ukipita kama mita 15, kuna shimo, na timu za Afrika ya Kaskazini zinaishi humo.

Bao la kwanza la ugenini lina kazi mbili. Linaongeza namba, na linawalazimisha wenyeji wapandishe mabeki wa pembeni mapema kuliko walivyopanga. Nafasi inayoachwa nyuma yao ndiyo Samatta na Thomas Ulimwengu walikuwa wakiipenda katika miaka yao hapa, na ndiyo inayozaa penalti na kadi. Kwa hiyo bao likiingia dakika ya 27 au 30, usishangilie hadi ukakosa dakika 5 zinazofuata. Angalia winga wetu: anarudi kumlinda beki wake, au amebaki juu akiomba mpira? Akirudi, kocha ameamua kuua mechi polepole. Akibaki juu, anatafuta la pili. Njia zote mbili ni sahihi, lakini lazima wachezaji 10 wawe wamekubaliana moja.

Robo saa ya mwisho ndiyo inayotofautisha. Mwaka 2015 USM ilipata bao lake mwishoni, na bao hilo halikuvunja kitu kwa sababu mawili yalikuwa tayari kibindoni. Timu inayotawala kweli haijifungii kwenye boksi lake ikilinda 1-0 kwa dakika 30. Inaupeleka mpira kwenye kibendera cha kona cha wenyeji, inachukua faulo, inabadilisha mchezaji dakika ya 82 na mwingine ya 88. Mashabiki wengine terasini wanaguna kwamba wanapoteza muda. Wanafanya kazi ngumu kuliko zote, na ni raha kuiona ikifanywa vizuri.

Wafuasi wa Lupopo, klabu nyingine ya Lubumbashi na wapinzani wetu wa mji, pia huja, na wanakaribishwa, wengi wao wakiwa upande wa wapinzani usiku huo. Wanakaa nyuma karibu na mlango. Mabishano ni makali lakini ya heshima, mzee kwa mzee, na mara nyingi wao ndio wanaoona kasoro zetu mapema.

Jambo la mwisho ni saa. Lubumbashi iko saa 2 mbele ya GMT, Kinshasa saa 1. Ratiba zinazosambazwa kutoka Kinshasa zina saa ya Kinshasa. Algiers na Tunis wanafanana nao. Mechi iliyoandikwa 20:00 huko inaanza 21:00 kwetu, na anayekuja kwa saa ya Kinshasa atakuta saa nzima imebaki, atakuwa amekunywa mapema. Anayekosea upande wa pili atakuta kipindi cha pili kinaanza. Ubao wa terasi huandika saa ya Lubumbashi, uuamini huo. Kipyenga cha mwisho kinalia karibu saa 22:55, na saa hiyo mabasi ya kwenda Katuba, Ruashi na Annexe yamepungua sana. Pikipiki zinasubiri nje ya lango, bei yao siku ya ushindi inapanda. Mkubaliane na dereva mapumziko, mkiwa watatu wa njia moja chukueni teksi, na mlipe faranga kamili bila kusubiri chenji.